Nakshi ya mlango: kutoka penseli hadi kompyuta

Fundi wa Lamu akichora waridi la mfaa (nguzo ya katikati ya mlango), mkono hupita mara mbili tatu hadi mstari ukae. Jicho linajua upi ndio wenyewe, kompyuta haijui. Ndiyo maana siipendi ile amri ya Inkscape, programu ya kuchorea, ya kufuatisha picha kiotomatiki: kila mstari wa penseli una kingo mbili, na programu huzichora zote, zikiwa zimejaa nodi tele (vituo vinavyounga vipande vya mstari). Mashine ya kuchongea ikipita hapo husitasita, na mbao hubaki na makovu.

Kwanza weka karatasi nyepesi juu ya mchoro, pitisha kalamu ya wino ya mm 0.5, mstari mmoja tu. Kando yake chora kipimo cha mm 100 kwa rula, la sivyo utakuja kukisia ukubwa. Skani kwa pikseli 300 kwa inchi. Milimita moja itapata kama pikseli 12. Picha ya simu ni ya dharura, maana ukiinamisha simu kidogo tu mraba huwa si mraba tena.

Ifungie picha kwenye safu ya chini, kisha uchore upya kwa zana ya Bézier (jina la mhandisi wa Renault aliyetumia mistari hii kwa bodi za magari). Kazi yenyewe iko hapa. Weka nodi pale mstari unapofika juu, chini, kushoto au kulia kabisa, penye ncha kali, na pale unapoacha kupinda upande huu ukaanza upande wa pili. Petali hutosheka na nodi 4 au 5. Vishikio viwili vya nodi laini, yaani vijiti vya kuvutia mpindo, vilale kwenye mstari mmoja, kila kimoja takriban theluthi ya kipande chake. Robo ya duara hutaka kishikio cha urefu wa 0.55 ya nusu kipenyo. Kikizidi, mstari huvimba. Kikipungua, hufichika kona ambayo skrini haionyeshi, lakini mwanga wa ubavuni huianika kwenye mbao.

Waridi la petali 8, chora moja uizungushe kwa nyuzi 45. Matawi yanayopanda mfaani usiyaakisi: yakilingana mno, nakshi hupooza.

Ukihifadhi kwa DXF, aina ya faili inayosomwa na programu za mashine, pima tena ule mstari wa mm 100. Programu ikisoma milimita kama inchi, kila kitu hukua mara 25.4. Na ncha ya kukatia ya mm 6 haichongi kona kali ya ndani, huacha tao la nusu kipenyo cha mm 3. Kona hizo ni za fundi na patasi yake.