Kubadili kitivo chuo kikuu: faili, krediti na tarehe

Kila msimu wa kuandikisha wanafunzi unapofika hapa Lubumbashi, ofisi za masomo hupokea malalamiko ya aina moja. Mwanafunzi alikuwa Uchumi, akaona Sheria inamfaa zaidi, akahamia oditwari (ukumbi wa masomo) ya Sheria, akafuata kozi, akafanya hata interogasioni (majaribio). Siku matokeo yanapobandikwa kwenye valvu (ubao wa matangazo), anatafuta jina lake halioni. Anakuja juu akisema ameibiwa alama. Hakuna aliyemwibia. Jina lake liko, ila liko kwenye grili (jedwali la alama) ya Uchumi, na mbele yake pameandikwa kwamba hakutokea kwenye mitihani. Kwa juri ya Uchumi, yaani walimu wanaoamua matokeo, huo ni mwaka uliopotea kama ilivyo miaka mingine iliyopotea.

Kinachohama ni faili. Kama faili haijahama, wewe ungali pale ulipoandikishwa mara ya kwanza, hata kama profesa wa kitivo kipya anakujua kwa jina.

Maelezo haya yanafuata utaratibu wa jumla wa vyuo vikuu na taasisi za juu. Kila chuo kina kanuni zake za ndani, na kila mwaka Wizara ya Elimu ya Juu na Vyuo Vikuu (ESU) hutoa maagizo ya kitaaluma yanayoweza kusogeza tarehe au kubadili masharti. Pakitokea tofauti, tangazo lililo kwenye valvu ya chuo chako ndilo linalofuatwa, si makala haya, wala sauti iliyosambazwa kwenye WhatsApp ya promosheni (wanafunzi wa mwaka mmoja).

Tuanze na krediti, maana hapo ndipo hesabu za wengi zinapoharibika. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 mfumo wa LMD (Lisansi, Masta, Doktora) umeenezwa katika vyuo vyote nchini. Lisansi ni krediti 180 kwa semesta sita, yaani 30 kila semesta na 60 kwa mwaka. Krediti moja ni saa 25 za kazi ya mwanafunzi, ukijumlisha kozi, mazoezi na kazi ya nyumbani. Mwenye angalau 45 kati ya 60 anaruhusiwa kupanda mwaka unaofuata akiwa na deni la kozi zilizobaki. Haya kila mwanafunzi anayajua. Asichokijua, au asichotaka kukisikia, ni kwamba ruhusa hiyo ya 45 ni ya ndani ya filiera yake, yaani tawi lake la masomo. Haivuki mlango. Mtu mwenye krediti 48 za L1 (mwaka wa kwanza wa lisansi) Uchumi hawi mwanafunzi wa L2 Sheria mwenye deni la 12. Tunaulizwa hivyo kila wiki, na jibu ni lile lile.

Kinachofanyika ni hiki. Tume ya kitivo unachokwenda huweka makete (mipango ya kozi) mbili sambamba, ya kitivo unachotoka na ya kwao, kisha husoma releve yako, yaani karatasi ya alama, mstari kwa mstari. Tuseme ni huyo wa Uchumi mwenye 48. Kifaransa, Kiingereza, kompyuta, mbinu za utafiti na Elimu ya Uraia huenda zikakubaliwa, kwa kuwa ziko pande zote mbili. Hisabati ya wachumi na uhasibu hazina pa kuwekwa Sheria. Hazifutwi, zinabaki kwenye releve yako kama ushahidi kwamba ulizisoma, ila hazihesabiwi. Kama zilizokubaliwa ni 14, anaingia L1 Sheria akiwa amesamehewa 14 na amebakiwa na 46 za mwaka huo. Lisansi yake itamchukua miaka minne, si mitatu. Mzazi anayelipa aambiwe hesabu hiyo kabla barua haijaandikwa, siyo baada ya bordero (risiti ya malipo) ya kwanza.

Hata kozi zenye jina moja zinaweza kukataliwa. Takwimu ya krediti 2 haijazi nafasi ya Takwimu ya krediti 4, hasa ikiwa hiyo ya pili ina mazoezi ya vitendo. Ndiyo maana tunaomba maelezo ya yaliyofundishwa yaambatane na releve. Jina la kozi peke yake halitoshi.

Kuna jambo moja zaidi ambalo huwashangaza hata wanafunzi wazuri. Ndani ya kundi moja la kozi, yaani UE, alama hufidiana: 13 ya kozi moja huinua 7 ya nyingine, wastani unafika 10 kati ya 20, UE nzima inapita na krediti zake zote zinaingia. Ukibaki kwenye filiera yako, hiyo 7 imekwisha kusahauliwa. Ukihama, makundi ya kitivo kipya yamepangwa vingine. Kozi uliyopata 13 inaweza kuingia UE fulani na ile ya 7 ikaingia nyingine, au ikabaki peke yake. Hapo tume hutazama alama ya kozi yenyewe, na 7 ni 7. Kwa hiyo unapohesabu utakachobeba, usisome safu ya krediti tu. Soma alama za kozi moja moja, na zilizo chini ya 10 ziweke kando tangu mwanzo.

Walioanza enzi za graduat na licence ya zamani, kabla ya LMD, wakaacha, na sasa wanarudi, hawana krediti bali saa na asilimia. Faili zao husomwa kwa mikono, kozi kwa kozi, na huchukua muda mrefu zaidi. Waje mapema.

Kuhusu masharti ya kuingia, tusidanganyane: hapa kwetu migodi ndiyo inayovuta, na kila mwaka wapo wanaotaka kutoka Fasihi au Sayansi za Jamii kwenda Politekiniki (uhandisi). Tume huanza na diploma ya Serikali, ile ya kumaliza sekondari: sekisheni (mchepuo) gani, asilimia ngapi. Mtu wa pedagojia au wa biashara hazuiwi kuota, lakini kozi za hisabati na fizikia za mwaka wa kwanza zinachukulia kwamba umetoka nazo sekondari. Vitivo vyenye mtihani wa kuingia, kama Utabibu na Politekiniki, havimsamehi mtu mtihani huo kwa sababu tayari ni mwanafunzi wa chuo. Asilimia kubwa ya diploma ya Serikali nayo haimpi mtu haki ya kiti, kwani viti vina idadi.

Sasa karatasi. Barua huandikwa kwa Kifaransa, ukurasa mmoja, kwa mkono au kwa mashine. Juu kushoto weka jina, postnomo na prenomo kama zilivyo kwenye diploma ya Serikali, kwa mpangilio ule ule na herufi zile zile, kisha namba ya matrikile (usajili wako chuoni), promosheni na simu. Inaelekezwa kwa Katibu Mkuu wa Masomo, kwa kupitia dwayeni (mkuu) wa kitivo unachotoka. Mada: ombi la kubadili kitivo. Taja unatoka wapi, unakwenda wapi, na kwa mwaka gani wa masomo. Sababu iwe sentensi mbili tatu za kweli. Barua za kurasa nne zinazosimulia matatizo ya familia hazisaidii, na zinasomwa na watu wengi kuliko unavyofikiri. Weka sahihi na tarehe. Toa nakala tatu: moja inabaki ofisini, moja inaingia kwenye faili, ya tatu inapigwa muhuri wa kupokelewa na unarudi nayo nyumbani. Asiye na nakala hiyo ya tatu, faili ikipotea, hana cha kuonyesha.

Ambatanisha nakala ya diploma ya Serikali iliyothibitishwa, au cheti cha muda cha kufaulu kama diploma haijatoka. Ujumbe wa simu wenye matokeo si cheti, hata ukiuchapisha kwenye karatasi. Weka pia releve za miaka yote uliyosoma, pamoja na ile uliyofeli, nakala ya kitambulisho, na hati kwamba hudaiwi. Hati hii ya mwisho ndiyo hukwamisha faili nyingi. Inahitaji muhuri wa maktaba, wa laboratwari kama ulipita huko, na wa ofisi ya fedha. Kitabu kimoja kisichorudishwa kinatosha kuisimamisha faili wiki nzima, na mwenye kitabu ndiye anayelalamika kwamba chuo kinamcheleweshea.

Njia ya faili ina mpangilio, na mpangilio huo haugeuzwi. Dwayeni wa kitivo unachotoka anatoa maoni yake kwa maandishi. Aparitora (ofisi ya orodha za wanafunzi) ya kitivo hicho inathibitisha hali yako: umefaulu, umeahirishwa, au una NAF, yaani hukukubaliwa kuendelea katika filiera hiyo. Baada ya hapo faili inakwenda kwa dwayeni wa kitivo unachotaka, tume inakaa, inaandika krediti zilizokubaliwa na mwaka utakaoingia. Mwisho ni uamuzi wa Katibu Mkuu wa Masomo. Ukishaupata ndipo aparitora ya kwanza inakufuta kwenye orodha yake na ya pili inakuandika. Matrikile haibadiliki.

Makosa tunayokutana nayo hapa ni yale yale. Dwayeni kasema kwa mdomo "njoo", mwanafunzi akaridhika. CP (kiongozi wa wanafunzi) wa promosheni kaongeza jina kwa kalamu chini ya orodha. Jina la kalamu halina nguvu. Wakati wa kujiandikisha kwa mitihani inatumika orodha iliyochapishwa na aparitora, na asiye humo hapewi kadi ya kuingilia, hata kama amehudhuria kozi zote. Wengine majina yao hayafanani: kwenye diploma Ilunga, kwenye releve Ilungu. Hiyo irekebishwe kwanza pale kosa lilipofanyika. Kurekebisha wewe mwenyewe kwa kalamu au kwa kompyuta kunaitwa kughushi.

Na kwa kuwa tumelitaja, tuliseme lote. Kanuni ya Adhabu ya Kongo, kifungu cha 124, inaadhibu kughushi maandishi kwa kifungo cha miezi sita hadi miaka mitano na faini, au moja tu ya adhabu hizo. Kifungu cha 126 kinamkamata pia anayetumia karatasi hiyo akijua ni ya uongo. Kwa hiyo mwanafunzi anayesema "ni komisionere (dalali) ndiye aliyenitengenezea releve" hajajitetea, amekiri. Juu ya hapo kuna adhabu za chuo: kufukuzwa, na kufutiwa matokeo hata kama udanganyifu umegunduliwa siku ya kuhakiki diploma, miaka mingi baadaye. Hakuna komisionere wa kubadili kitivo. Kila ada inayodaiwa kihalali hulipwa benki au kwenye kaunta rasmi, na hutoa bordero yenye jina lako.

Kuhusu fedha, minervali (ada ya masomo) uliyolipa kwenye kitivo cha kwanza usidhani itakufuata. Viwango vinatofautiana, na ofisi ya fedha ndiyo inayosema kama kuna tofauti ya kulipa au kama mwaka huo umekwisha kuhesabika. Uliza kabla, na kiasi kikiwa kikubwa omba jibu kwa maandishi.

Wakati mzuri ni baada ya juri kutoa matokeo na kabla kozi hazijaanza. Katikati ya mwaka mambo ni magumu kwa sababu ya kawaida kabisa: mazoezi ya vitendo hayarudiwi kwa ajili ya mtu mmoja, na semesta yenye krediti 30 ni saa 750 za kazi. Anayefika wiki ya saba hawezi kuzilipa.

Anayehama chuo kabisa, kwa mfano kutoka ISP (taasisi ya juu ya ualimu) kwenda chuo kikuu, atafute mambo mawili zaidi: hati ya kuondoka kutoka chuo cha kwanza, na uhakika kwamba chuo hicho kina kibali cha Serikali. Krediti za taasisi isiyo na kibali hazipokelewi, hata kama alama zake ni 20 kwa 20. Na wale waliomaliza sekondari ng'ambo ya Kasumbalesa, wenye cheti cha Grade 12 cha Zambia, wanahitaji ulinganisho wa cheti hicho na diploma ya Serikali kutoka wizarani. Kama uliandikishwa mwanzo kwa ahadi kwamba utauleta baadaye, siku ya kuhama ndiyo hiyo "baadaye".

Mwenye NAF amefungiwa filiera ile, hajafungiwa chuo. Anaweza kuomba nyingine, ila aitaje NAF hiyo kwenye barua. Aparitora itaiandika vyovyote vile, na tume huwa kali zaidi kwa aliyeificha.

Ombi likikataliwa, omba uamuzi wa maandishi wenye sababu, kisha peleka rekuru (rufaa) kwa Katibu Mkuu wa Masomo ndani ya siku zilizotajwa kwenye tangazo, ukiambatanisha ile nakala ya tatu. Wakati unasubiri jibu, endelea kuhudhuria kozi na kujiandikisha kwa mitihani ya kitivo ulichomo.