Krishna Iyer na dhamana ya fundi mwashi

Moti Ram alikuwa fundi mwashi, maskini, jimbo la Madhya Pradesh. Mwaka 1978 Mahakama ya Juu ya India iliamuru aachiwe kwa dhamana, ila kiasi kikaachwa kwa hakimu wa chini. Hakimu akataka rupia 10,000. Ndugu yake alipojitokeza kumdhamini akakataliwa, eti yeye na mali yake wako wilaya nyingine. Mtu akabaki ndani na amri ya mahakama kubwa kuliko zote nchini mkononi.

Shauri liliporudi Mahakama ya Juu, Jaji V. R. Krishna Iyer wa mahakama hiyo aliamuru ajidhamini mwenyewe kwa rupia 1,000. Kumkataa mdhamini kwa sababu ya wilaya yake hakukubali hata kidogo. Hakimu, alisema, apime mambo ya mtu: ameishi pale muda gani, ana kazi gani, familia yake iko wapi, amewahi kuruka dhamana? Kwangu hii ndiyo hukumu yake inayostahili kusomwa kwanza, kwa sababu inagusa mahali maskini wanapokwama kweli, yaani masharti, hata pale haki yenyewe imeshatolewa.

Masharti hayo aliyajua. Alizaliwa 1915, akawa wakili Thalassery, Malabar, kusini mwa India, akiwatetea wakulima na wafanyakazi. Mwaka 1948 aliwekwa kizuizini kwa tuhuma za kuwasaidia wakomunisti. Mwaka 1957 akawa waziri katika serikali ya kikomunisti ya E. M. S. Namboodiripad katika jimbo la Kerala, magereza yakiwa miongoni mwa kazi zake. Serikali kuu ya Delhi ikaiondoa serikali hiyo 1959. Akawa jaji wa Mahakama Kuu ya Kerala 1968, na wa Mahakama ya Juu 1973.

Wengi wanamkumbuka kwa amri ya tarehe 24 Juni 1975. Mahakama Kuu ya Allahabad ilikuwa imebatilisha ubunge wa Indira Gandhi. Krishna Iyer, akiwa jaji wa zamu wakati mahakama iko likizo, alisitisha hukumu hiyo kwa masharti: abaki waziri mkuu, ahudhurie bunge, lakini asipige kura wala kupokea posho ya ubunge. Kesho yake usiku hali ya hatari ikatangazwa.

Lakini mimi narudi kwenye magereza. Sunil Batra, mfungwa wa gereza la Tihar, Delhi, aliandika barua kueleza kwamba mfungwa mwenzake ameteswa na askari jela. Haikuwa na hati ya kiapo wala wakili. Mahakama iliipokea kama ombi la kumfikisha mtu mbele ya jaji, ikateua mawakili waende gerezani, wamwone mfungwa na kukagua kumbukumbu. Hatua hii ya pili ndiyo ngumu, kwa maana barua bila mtu wa kwenda kuhakikisha huishia kwenye jibu la mkuu wa gereza kwamba hakuna kilichotokea.

Hukumu ya Desemba 1979, aliyoiandika Krishna Iyer, ikaagiza masanduku ya malalamiko ambayo kila mfungwa anaweza kuyafikia. Usimamizi wake ukawekwa chini ya hakimu na jaji wa wilaya, maana malalamiko yanayopitia mikononi mwa askari anayelalamikiwa hayafiki popote.