Je, wajua? Ndege za jeshi hujitia uziwi ili zisipotee njia

Mwaka 2024, vita vilipokuwa vikisogea kuelekea Goma, Umoja wa Mataifa ulilalamika kwamba mawimbi ya GPS, yaani ya setilaiti zinazoonyesha mahali ulipo, yanavurugwa Kivu Kaskazini na kwamba ndege zinazoruka huku zinahatarishwa. Swali likazunguka mjini: setilaiti ziko juu kilomita 20,200, mtu aliye chini anazifikiaje?

Hazifikii, wala hana haja nazo. Anachokivuruga ni sikio linalozisikiliza.

Setilaiti ya GPS hutuma mawimbi kwa nguvu ya kama wati 50, yaani balbu ya sebuleni. Yakifika kwenye simu yako, nguvu hiyo imeshaisha karibu yote: chukua wati moja, igawanye kwa milioni, gawanya tena kwa milioni, kisha kwa elfu kumi. Kinachobaki ni chini hata ya mvumo wa kifaa chenyewe, na simu hukitambua kwa sababu tu inajua mpangilio wa kutafuta. Kwa hiyo kiboksi kidogo kinachopiga kelele kwenye masafa yaleyale kinatosha kuharibu kila kitu. Huko Marekani, dereva mmoja alifunga kiboksi cha aina hiyo garini ili bosi wake asijue anakokwenda. Alikuwa akipita karibu na uwanja wa ndege wa Newark, na mitambo ya uwanja ikavurugika. Mwaka 2013 akapigwa faini ya karibu dola 32,000. Nadhani hata bosi alimsikitikia.

Sasa jeshi linajikingaje? Huwezi kuongeza sauti ya setilaiti kila ukisumbuliwa. Fanya kama mama muuza samaki pale Birere mjini Goma: spika ya jirani ikilia upande wa kushoto, anaziba sikio la kushoto na kumsikiliza mteja kwa la kulia.

Sikio hilo ni antena pana kama sinia, mara nyingi yenye antena ndogo saba ndani yake. Uzibaji wenyewe unafanywa hivi. Simama bandarini boti mbili zikishapita: kuna mahali mgongo wa wimbi la moja unaangukia bonde la wimbi la nyingine, na maji yanatulia kama vile hakuna aliyepita. Kelele ya adui huigusa kila antena ndogo kwa wakati tofauti kidogo sana. Kompyuta huchelewesha hii, huipunguza ile, kisha huzijumlisha mpaka kelele ijiue yenyewe. Setilaiti, zinazotoka pande nyingine za anga, zinabaki.

Lakini kompyuta inamjuaje adui? Hapa ndipo ninapopapenda. Mawimbi ya setilaiti ni dhaifu kuliko mvumo wa kifaa, kwa hiyo chochote kinachosikika kwa nguvu hakiwezi kuwa setilaiti. Mtambo hauhitaji kuambiwa lolote: unazima kila kinachopaza sauti. Antena saba zinaweza kuziba pande sita. Adui akiweka viboksi vingi kuliko hivyo katika pande tofauti, kinga inaanza kuvuja.

Ndege ina nafuu moja: antena iko mgongoni, na tumbo la bati huikinga kidogo na adui aliye chini. Ila kadiri inavyopanda ndivyo inavyoonwa na viboksi vya mbali zaidi. Meli ina tabu nyingine, kwani mlingoti, rada na vyuma vyake vyenyewe hurudisha mawimbi ovyo.

GPS ikizimika kabisa, kuna kifaa kingine kinachohisi kila kona na kila mwendo bila kusikiliza chochote cha nje. Tatizo lake ni kwamba kosa hukua: katika ndege, baada ya saa moja unaweza kuwa umekosea karibu kilomita 2. Juu ya bahari si neno. Ukitafuta njia ya kutua kati ya milima ya Kivu katika ukungu, ni neno kubwa.

Kuna pia adui asiyepiga kelele, anayedanganya. Juni 2017, katika Bahari Nyeusi, meli kama 20 zilionyeshwa na GPS zao kwamba ziko kwenye uwanja wa ndege wa Gelendzhik, nchi kavu. Dhidi ya huyo jeshi la Marekani lina mawimbi yenye msimbo wa siri. Setilaiti ya kwanza yenye msimbo mpya uitwao M ilirushwa mwaka 2005. Asiye na ufunguo hawezi kuuiga. Kelele, hata hivyo, haihitaji ufunguo wowote, na kwa hiyo lile sinia bado limefungwa mgongoni mwa ndege.