Kwa nini begi linapigwa eksirei, na mwenye begi anapitishwa pembeni?

Asubuhi moja nilikuwa Bandari ya Tanga nikingoja boti ya Pemba. Mbele yangu alisimama dada mmoja mjamzito, tumbo limeshakuwa kubwa. Kikapu chake alikiweka kwenye mkanda wa mashine ya mizigo, kikamezwa na yale mapazia meusi ya mpira. Yeye akaambiwa apite kwenye lango la pembeni. Hakupita. "Kaka, hili halina mionzi? Nina mtoto tumboni." Askari akamjibu, "Pita tu dada, halina neno."

Jibu lilikuwa sahihi, lakini halikumwondolea hofu. Alistahili kuelezwa sababu.

Lango lile halina eksirei kabisa. Ndani ya nguzo zake mna waya uliozungushwa, unaotoa usumaku dhaifu. Ukipita na funguo au kisu, usumaku ule unavurugika na kengele inalia. Mwenye betri ya moyo, yaani kifaa kilichowekwa mwilini kusaidia mapigo, ndiye anayepaswa kusema mapema, akaguliwe kwa mkono. Mashine ya mizigo ndiyo yenye eksirei, mionzi ileile aliyoigundua Wilhelm Röntgen mwaka 1895, na yale mapazia yamechanganywa na madini ya risasi ili mionzi isivuje.

Basi kwa nini watu nao wasipigwe picha, kazi ikaisha haraka? Kwa sababu eksirei ina nguvu ya kung'oa elektroni kwenye atomu, na hivyo inaweza kujeruhi chembe za mwili. Daktari wa hospitali ya Bombo, hapo Tanga, akikuandikia picha ya kifua, faida ni yako: unatafutiwa ugonjwa. Bandarini huumwi. Mionzi unaipata wewe, faida wanapata wengine. Kwa hiyo swali la kwanza la wataalamu wa kinga ya mionzi si "kiasi gani?" bali "kuna haja?"

Viwango vya Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki vya mwaka 2014 vinasema wazi hapa. Kumpiga mtu mionzi ili kusaka mali ya wizi hakukubaliki. Kusaka magendo, kwa kawaida hakukubaliki. Kukiwa na tishio kwa usalama wa taifa, serikali yenyewe ndiyo inayopima na kuamua, si mwenye mlango. Naipenda sana kanuni hii, maana inamlinda hata mtu asiyejua kuwa ipo. Kwetu Tanzania msimamizi wa mionzi ni Tume ya Nguvu za Atomu, chini ya sheria ya mwaka 2003.

Mashine za kumpiga mtu eksirei zipo, hata hivyo. Afrika Kusini zilitumika kwenye migodi ya almasi. Viwanja vya ndege vya Marekani vilikuwa na zile ambazo mionzi yake hugonga nguo na ngozi, ikarudi. Kiwango cha Marekani kinataka mashine ya matumizi ya kawaida isizidishe mikrosiveti (kipimo cha mionzi inayoingia mwilini) 0.25 kwa ukaguzi mmoja, na mtu asipate zaidi ya 250 kwa mwaka kutoka kituo kimoja. Ukitaka kuona udogo wake: ardhi, anga na chakula vinatupa wastani wa mikrosiveti 2,400 kwa mwaka, kwa hiyo ukaguzi mmoja unakaribia saa moja tu ya kuishi duniani. Zile zinazopenya mwili mzima zinaruhusiwa hadi 10 kwa mara moja, lakini kikomo cha mwaka hakibadiliki: ni mara 25, basi.

Pamoja na udogo huo, Umoja wa Ulaya uliziacha mashine hizi za eksirei nje ya orodha ya skana zinazoruhusiwa viwanjani mwaka 2011. Kama ipo njia isiyo na mionzi ya namna hiyo, ya nini kutumia eksirei? Marekani iliziondoa mwaka 2013, ila sababu yake ilikuwa picha zilizoonyesha mwili kama hauna nguo. Skana nyingi za viwanjani leo hutumia mawimbi ya redio.

Nilimweleza dada yule kwa kifupi. Akauliza kuhusu vitumbua alivyompakilia mama yake. Nikamjibu: havibebi mionzi, eksirei ni kama taa, ukizima imekwisha. Akavuta pumzi, akapita. Lango likalia: bangili. Akakaguliwa, akacheka, akaenda kuchukua kikapu. Kilikuwa kimekwama mlangoni mwa mashine, naye akapenyeza mkono chini ya mapazia.

Askari akaudaka mkono. "Hapo sasa ndipo penye mionzi, dada. Ngoja kitoke chenyewe."