Kerneli si mfumo endeshi mzima

"Android si Linux," anasema mmoja. "Ni Linux tupu," anajibu mwenzake, na hapo wanaweza kubishana hadi usiku wa manane. Hawatapatana, maana mmoja anazungumzia mfumo endeshi na mwingine anazungumzia kerneli.

Maana tuimalize haraka. Kerneli ni programu inayopakiwa kwenye kumbukumbu kompyuta inapowashwa na kubaki humo mpaka izimwe. Ndiyo inayozigawia programu nyingine muda wa prosesa na nafasi ya kumbukumbu, inayoshughulika na diski na kadi ya mtandao, na inayoamua nani aruhusiwe kugusa nini. Mfumo endeshi ni kerneli hiyo pamoja na vyote vinavyoifanya itumike: maktaba za msingi (msimbo ambao programu nyingine huutumia), programu ya kwanza inayoamsha huduma nyingine, sheli (programu inayopokea amri unazoandika), zana za faili, na mara nyingi madirisha unayoyaona kwenye skrini.

Kinachoniudhi ni ile sentensi inayokaririwa kila mahali, kwamba mfumo endeshi "unaunganisha mtumiaji na vifaa". Nusu yake inahusu kerneli, nusu inahusu vinavyoizunguka, na msomaji anabaki palepale. Kerneli haina habari na mtumiaji wa kubofya na kuandika. Iwashe kerneli ya Linux bila programu yoyote: itatambua vifaa, itaandaa kumbukumbu, itatafuta programu ya kwanza ya kuanzisha, na ikiikosa itatangaza kushindwa na kusimama hapohapo.

Tena mpaka wa kerneli haupangwi kwa maoni. Prosesa za kompyuta na simu zetu zina hali ya mamlaka yote na hali yenye vizuizi. Kerneli hufanya kazi katika ile ya kwanza. Kivinjari, sheli na hata ile programu ya kwanza ziko katika ya pili, na zikitaka kusoma faili au kutuma data zinaiomba kerneli kwa miito ya mfumo. Wataalamu hubishana ni mambo mangapi yawekwe ndani (profesa Andrew Tanenbaum na Linus Torvalds, aliyeanzisha kerneli ya Linux, walivutana hadharani juu ya hilo mwaka 1992), lakini kilichomo na kisichomo kinajulikana.

Mpaka wa mfumo endeshi ndio wa makubaliano. Serikali ya Marekani ilipoishtaki Microsoft mwaka 1998, moja ya hoja zilizogombaniwa ilikuwa kama kivinjari cha Internet Explorer ni sehemu ya Windows au ni bidhaa nyingine iliyofungwa nayo. Lingekuwa swali la kerneli, prosesa yenyewe ingetosha kuwa shahidi.

Linux ndiyo imetuchanganya zaidi, na chanzo ni historia yake. Mwaka 1983 mwanaprogramu Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU, wenye lengo la kujenga mfumo kamili na huru unaofanana na Unix, mfumo endeshi wa zamani zaidi. Kufikia mwanzo wa miaka ya tisini walikuwa na kompaila ya GCC (inayogeuza msimbo kuwa programu), sheli ya Bash na kihariri cha Emacs, ila kerneli yao, Hurd, ilikuwa bado. Mwaka 1991 Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, akatoa kerneli isiyo na mfumo wake. Vipande hivyo viwili vikakutana, na jina la kerneli likameza jina la vyote. Ndiyo maana Stallman anasisitiza iitwe GNU/Linux. Ana hoja, ila haifiki kila mahali: Alpine, mfumo endeshi mmojawapo wenye kerneli ya Linux, inatumia maktaba ya musl na zana za BusyBox badala ya za GNU, Android ina maktaba yake iitwayo Bionic, na zote mbili zina kerneli ya Linux. Kwa upande wa pili, Debian, mfumo mwingine ambao kwa kawaida hutumia kerneli ya Linux, iliwahi kutoa toleo lenye kerneli ya FreeBSD, mfumo wa ukoo wa Unix, na zana zake nyingi za GNU zikiwa zilezile. Hapo Linux haikuwepo kabisa.

Kwa Windows watu hawagombani sana, pengine kwa kuwa vyote vinatoka kwa mtengenezaji mmoja. Lakini hata huko, Windows 95 na Windows XP zinafanana sura, ila si kerneli. Kerneli ya XP ni ya ukoo wa Windows NT, ulioanza 1993; ya 95 si ya ukoo huo.

Basi ukiulizwa seva yako inatumia mfumo gani, ukajibu "Linux", kwenye maongezi hakuna ubaya. Unapoandika maelekezo ya kusakinisha, taja Debian au Alpine, na toleo lake, kwa sababu programu iliyokompailiwa kwa maktaba ya GNU inaweza kugoma kuwaka kwenye Alpine hata kama kerneli ni ileile. Na usinakili jibu la amri ya uname -r ukaliita toleo la mfumo endeshi. Hilo ni toleo la kerneli. La mfumo limeandikwa kwenye faili la /etc/os-release.