Daftari la sanaa mseto ni nini?

Ukitaja "daftari la sanaa", wengi hufikiria lile la kuchorea la shuleni, ambalo mwanafunzi huchora kikombe na embe kisha mwalimu akatia alama. Silo hilo. Daftari la sanaa mseto ni kitabu ambacho mwenyewe hukijaza rangi, karatasi za kubandika, chapa alizozipiga kwa mkono, maandishi na vitu vyenye mkwaruzo, vyote kwenye ukurasa mmoja, tabaka juu ya tabaka, bila nia ya kuutundika ukutani wala kuuuza. Ni shajara, maana hufuata siku za mtu. Ni sanaa, maana siku hizo hazisimuliwi kwa maneno peke yake.

Neno mseto nalipenda, na hapa Mombasa halihitaji maelezo marefu: mchele na pojo vimepikwa chungu kimoja hata vikashikana. Ila mfano huo hautufikishi mwisho wa safari. Chunguni, pojo hupondeka ikapotelea ndani ya mchele. Ukurasani kila kitu hubaki na sura yake. Karatasi iliyofungiwa njugu bado utaijua ni ile ya njugu, hata kama rangi ya samawati imepita juu yake. Utamu wenyewe ni kule kukutana kwa vitu ambavyo kwa kawaida havikai pamoja.

Kubandika vitu juu ya picha kulipata hadhi ya sanaa huko Paris mwaka 1912, mchoraji Pablo Picasso alipobandika kitambaa cha mezani, kilichochapwa mfano wa ususi wa kiti, ndani ya picha ya rangi za mafuta, kisha akaizungushia kamba pahali pa fremu. Mwaka uo huo mchoraji mwenziwe, Georges Braque, naye alikuwa akibandika karatasi za kupambia kuta. Kazi ya namna hiyo ikaitwa kolaji, kutokana na neno la Kifaransa la kugandisha kwa gundi. Karibu zaidi na kwetu yupo Dan Eldon. Alizaliwa London mwaka 1970, akakulia Nairobi, akaacha madaftari 17 aliyoyajaza picha, wino, rangi na vipande vya magazeti. Aliuawa Mogadishu Julai 1993, akiwa mpiga picha za habari wa miaka 22. Nikimweleza kijana wa hapa kwamba jambo hili limeshafanywa na mtu aliyelelewa Kenya, huanza kwa Eldon, si kwa Picasso.

Lakini mwalimu wa kwanza wa ukurasa, kwa mtu wa Mombasa, ni leso, ile ambayo wengine huiita kanga. Itandaze kitandani uitazame vizuri. Kuna pindo linalozunguka pande zote nne, kuna mji katikati, na kuna jina, yale maandishi yaliyokaa chini ya mji. Picha, urembo na maneno vimegawana kitambaa kimoja na hakuna kinachomsukuma mwenziwe. Anayekaa mbele ya karatasi tupu asijue pa kuanzia, mimi humwambia aanze na pindo. Akishalizungusha, katikati huonekana ni pahali pa kukaa kitu, na chini hapo pataomba neno. Bibi zetu wakichagua leso Biashara Street walikuwa wakipima haya yote kwa jicho, kisha wakalisoma jina mara mbili kabla ya kutoa pesa.

Sasa mkwaruzo. Wanaounda istilahi huuita unamu: ile hali ya uso wa kitu ambayo kidole huijua kabla ya jicho, kama huu ni mparuzo, huu ni ulaini, huu una vijitundu. Katika daftari unaweza kuupata kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuujenga: unachanganya rangi nyeupe ya ukutani na mchanga kidogo, unapaka, na kabla haijakauka unapitisha kitana au uma. Mchanga wa pwani uoshe kwanza kwa maji ya mfereji mara tatu nne. Chumvi ikibaki ndani huvuta unyevu, na ukurasa hautakauka sawasawa.

Njia ya pili ni kuuazima, na hii ndiyo niipendayo zaidi. Chukua kofia ya mkono, ile iliyoshonwa kwa sindano ikajaa vijitundu vyenye kingo za uzi. Weka karatasi nyembamba juu yake, ilaze kreyoni ya nta ubavu, sugua polepole. Nyuzi zilizoinuka zitashika nta, matundu yatabaki matupu, na safu kwa safu maua ya mshonaji yatapanda kwenye karatasi kana kwamba yalikuwa yamejificha humo. Kisha pitisha rangi za maji zilizozimuliwa sana. Nta huikataa rangi, rangi ikakimbilia matunduni, na kila kijitundu kikawa nukta ya bluu. Mara ya kwanza nilipoona hivyo nilisita kuugusa ukurasa. Kazi ya miezi ya mtu mwingine ilikuwa imelala pale mbele yangu. Mchoraji Max Ernst alianza kusugua mbao za sakafu namna hii mwaka 1925, naye akaifanya kuwa mbinu yake. Sisi tuna mikeka, tuna milango ya Mji wa Kale iliyochongwa, tuna kuta za mawe ya matumbawe. (Mlango wa watu uombee ruhusa. Na tumia karatasi nene kidogo, kreyoni isije ikatoboa ikagusa mbao.)

Kupiga chapa ni kuhamisha rangi kutoka uso mmoja kwenda mwingine. Chapa rahisi kuliko zote zimo kikapuni: bamia iliyokatwa kichwa hutoa ua, kitunguu kilichopasuliwa kati hutoa duara ndani ya duara. Neti ya vitunguu ukiitandaza na kupaka juu yake kwa sponji hutoa magamba ya samaki. Viache vikauke kidogo baada ya kukata, maana maji yake huifanya rangi iteleze.

Chapa iliyo maarufu zaidi kwa watu wa madaftari haya ni ile ya bamba laini la jelatini, ule unga wa kugandishia vyakula, na hapo Mombasa huwa na neno lake. Bamba la kujitengenezea huanza kulegea joto likikaribia nyuzi 35, na chumba cha ghorofa ya juu mchana wa Februari hakiko mbali na hapo. Tena kuna nyumba nyingi ambazo jelatini haiingii mpaka ijulikane imetokana na mnyama gani. Mimi hutumia agari, ile ya kupikia faluda inayouzwa madukani kwa jina la chaina grasi. Hutokana na mwani, huganda ikishapoa hadi nyuzi 40 au chini kidogo, na ikishaganda haiyeyuki tena mpaka ikaribie nyuzi 85. Joto la mji wetu haliiwezi. Ila ni dhaifu, ukiikunja hupasuka, basi imimine ndani ya sinia la bati na uitumie humo humo bila kuitoa. Ikipasuka, irudishe jikoni uiyeyushe upya.

Paka rangi nyembamba juu ya bamba kwa rola. Lazia juu yake kishada cha majani ya mwarubaini. Weka karatasi, bonyeza kwa kiganja, vua. Utapata majani meupe katikati ya rangi. Usioshe bamba bado! Yaondoe majani taratibu, weka karatasi ya pili, bonyeza tena. Rangi iliyokuwa imejificha chini ya jani ndiyo itakayotoka sasa, pamoja na mishipa yake na yale meno ya pembeni. Nakala hii ya pili hufifia, na kwa macho yangu mara nyingi huishinda ya kwanza. Mchoraji Edgar Degas, katika karne ya 19, alikuwa akizitoa nakala hizi zilizofifia kisha akazijaza rangi za pasteli, zile za vijiti kama chaki. Chapa za namna hii hazirudiwi. Bamba halina mchoro wa kudumu, na kila unachovua ni cha pekee.

Kuhusu rangi, kanuni ni moja tu. Akriliki, ile rangi ya plastiki inayozimuliwa kwa maji, ikikauka haiyeyuki tena, kwa hiyo unaweza kupaka juu yake bila kuivuruga ya chini. Rangi za maji huamka ukizilowesha. Ukichanganya hizo mbili bila kulijua hilo, utapata tope.

Na mchezo uko wapi? Uko katika kutojua ukurasa utaishia vipi. Mpwa wangu wa miaka tisa aliniletea daftari uso umemshuka.

"Shangazi, ukurasa umeniharibikia. Wino umemwagika wote."

"Haukuharibika, mwanangu. Uache ukauke, kisha ulete neti."

Doa lilikuwa kubwa, jeusi, limejikunja upande mmoja. Alilipigia chapa ya neti kwa rangi nyeupe, akabandika vipande vya gazeti kwa chini, na jioni lilikuwa feri ya Likoni imejaa watu. Kama angeanza kwa kutaka kuchora feri, nadhani angeipima kwa rula na ingekaa kama sanduku. Ndiyo sababu seti za vibandiko vilivyotengenezwa tayari sizipendi: huja zimeshaamua ukurasa utakuwa nini.

Kitabu chenyewe si lazima kiwe cha gharama. Kaunta buku la kova gumu linatosha. Karatasi zake ni nyepesi, kwa hiyo gandisha kurasa mbili mbili kwa gundi nyeupe ya maseremala, na ukate nyingine katikati ya kitabu ili kipate nafasi ya kunenepa. Gundi ya unga wa ngano nayo hushika vizuri, lakini huita mende. Unyevu wetu hufanya akriliki ibaki na unato hata baada ya siku kadhaa, basi weka karatasi ya kuokea kati ya kurasa, na usirundike vitabu kimoja juu ya kingine. Changu cha mwaka jana hakifungiki tena. Nimekizungushia kipande cha pindo la leso kuukuu, nikakaza fundo.