Seli nyeupe "ziko kawaida", kwa hiyo?

Nimeletewa tena karatasi ya picha nzima ya damu: seli nyeupe 6,200, na pembeni mtu kaandika kwa kalamu, "Kinga iko sawa, si baridi yabisi." Mwenye karatasi vidole vimemvimba, asubuhi hata vifungo vya shati vinamshinda. Jamani!

Vigezo vya 2010 vya ACR na EULAR (vyama vya wataalamu wa viungo vya Marekani na Ulaya) vya baridi yabisi, yaani kinga ya mwili kushambulia viungo, vinatazama viungo vilivyoathirika, RF na anti-CCP (kingamwili za ugonjwa huo kwenye damu), CRP au ESR (vipimo vya inflamesheni, yaani mwako wa kinga mwilini), na kama dalili zimefikisha wiki 6. Jumla ya seli nyeupe haimo. Seli zinazotafuna kiungo zimo kiungoni. Damu ya mkononi inakuonyesha wapita njia tu. Ukitaka kuzihesabu, vuta maji ya goti. Zikizidi 2,000 kwa mikrolita, kuna inflamesheni. Zikifika 50,000, tafuta bakteria kwanza, ingawa gauti, ugonjwa wa chembe za asidi ya yuriki kiungoni, nayo huweza kufika huko.

Kinachoniudhi zaidi ni ile imani kwamba ugonjwa wa kinga lazima upandishe seli. Lupasi, ambapo kinga hushambulia mwili wenyewe, huzishusha! Chini ya 4,000 unapata alama 3 katika vigezo vyake vya 2019. Ugonjwa wa Still wa watu wazima, wa homa na viungo kuuma, ndio huzipandisha, 10,000 na kuendelea, nyingi zikiwa nutrofili, aina ya seli nyeupe zinazopambana na bakteria. Isonofili, seli nyeupe za mzio, zikijaa kwa mwenye pumu na ganzi ya miguu, fikiria vaskulaitisi, yaani inflamesheni ya mishipa ya damu. Na kabla hujashtushwa na nutrofili nyingi, uliza kama mgonjwa ameanza predinisoloni, dawa ya steroidi. Dawa hiyo huzibandua nutrofili kwenye kuta za mishipa zikaingia kwenye hesabu, huku limfosaiti, aina nyingine ya seli nyeupe, zikishuka. Mara ngapi nimeona mtu akiandikiwa antibayotiki kwa sababu hiyo tu!

Hiyo 4,000 ya lupasi yenyewe hunipa taabu. Watu wengi wenye asili ya Afrika wana aina ya damu ya Duffy-null (chembe nyekundu zisizo na alama iitwayo Duffy), na nutrofili zao huwa chache maisha yote bila ugonjwa wowote. Sasa mama ana ANA chanya (kingamwili zinazolenga viini vya seli zake mwenyewe), viungo vinauma, seli 3,600: nimpe zile alama 3? Vigezo vinasema usihesabu dalili yenye maelezo mengine yanayoelekea zaidi kuwa kweli, lakini nani alimpima akiwa mzima? Limfosaiti zikiwa chini, naegemea lupasi. Zikiwa nutrofili peke yake, nasita, na sioni aibu kusema hivyo. Namwomba alete majibu ya zamani, hata ya kliniki ya wajawazito, na siku hiyohiyo napima protini kwenye mkojo, maana kama lupasi imeshagusa figo, hazitanisubiri nimalize kusita.